Ahadi ya Kuoshana

Ukurasa wetu ulifungwa siku ya Ijumaa, baina ya Adhuhuri na Alasiri, na aliyeufunga hakuwa mtu. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, nasoma rambirambi zikiingia moja baada ya nyingine, mara skrini ikawa nyeupe. Yakatokea maandishi ya Kiingereza yakinieleza kwamba ukurasa umekiuka taratibu za jamii. Jamii gani, sikuambiwa. Mimi nilidhani jamii ndiyo sisi.

Niueleze ukurasa wenyewe. Nilipostaafu ualimu nilianzisha ukurasa wa tanzia katika mtandao mmoja mkubwa, ule ambao kila mwenye simu yumo. Kwetu maiti hakai. Aliyefariki alfajiri, ikifika Alasiri yuko kaburini, na ukichelewa kusikia umekosa. Utakachobakiwa nacho ni kwenda kutoa pole. Watu wa mjini, wa Tongoni, wa Pangani, wa Pemba, mpaka walioko Muscat, wakawa wanatangaza misiba yao kwenye ukurasa ule, nami nikawa najiona mtu wa maana sana.

Ijumaa ile alikuwa amefariki mwalimu wa madrasa aliyesomesha nusu ya mtaa wetu. Nikaandika tangazo, na watu kwa mamia wakajibu kwa maneno yale yale tunayoyasema Waislamu tukisikia msiba. Ndivyo tunavyofanya. Kwenye msiba hatutungi maneno mapya ili tuonekane hodari, tunasema waliyosema wazee wetu, neno kwa neno, na kule kufanana ndiko kunakomfariji mfiwa. Mashine ya mtandao ule ikaona mamia ya watu wanabandika sentensi moja ndani ya saa moja. Ikaamua kwamba hawa si watu, ni vikaragosi vya kueneza matangazo ya ovyo. Ikatufunga sote, pamoja na miaka sita ya majina ya marehemu wetu.

Nina hasira za karibu, waliosoma kwangu wanajua. Niliandika kukata rufaa, nikajibiwa papo hapo kwamba rufaa imezingatiwa na uamuzi haubadiliki. Nikaandika tena kwa Kiswahili safi, nikajibiwa kwa Kiingereza kile kile. Nilimtafuta binadamu wa kugombana naye, hata mmoja, hata karani asiye na adabu, nikamkosa. Hakuna kitu kinachochosha kama hasira isiyo na mtu wa kuipokea.

Lakini hayo yalikuwa maudhi tu. Hofu ilikuja wiki mbili baadaye, alipofariki rafiki wa mama yangu kule Tongoni. Wafiwa walikuwa wamezoea kutangaza mahali pamoja na kuona wameshawaambia watu wote, maana siku hizi hakuna anayepiga simu nyumba kwa nyumba. Walitangaza mahali pengine, kwenye kikundi cha ukoo ambacho sisi hatumo, wakadhani tumesikia. Sisi tulikuja kujua siku ya nne, khitma imeshasomwa na masufuria yameshaoshwa.

Mama aliketi kitandani, hakulia. Mama yangu ni mwosha. Kwa zaidi ya miaka arobaini amewaosha maiti wa kike wa mitaa hii, matajiri na mafukara, na wengi wa wanaoosha leo amewafundisha yeye. Yeye naye alifundishwa na dada yake, mama yangu mkubwa, aliyebaki Pemba wakati mama alipoolewa Tanga. Wamebaki wawili tu kati ya watoto saba. Nami tangu utoto nalijua agano lao, kwa sababu walikuwa wakilitaja kwa mzaha kila wanapoagana: atakayetangulia, mwenzake atamwosha.

"Huyu wa Tongoni alikuwa rafiki," mama akaniambia. "Nimemkosa, nitamwombea. Na dada'angu je? Siku yake ikifika, n'tasikia kwa nani?"

 Nilimwambia nitapiga simu kila siku. Akaniangalia kama anavyomwangalia muuza samaki anayeapa kwamba samaki ni wa leo.

Kulikuwa na fundi mmoja aliyekuwa akinishauri kwa miaka miwili nihame mtandao ule, nami nikimpuuza. Ni mzee wa Raskazone, aliyefanya kazi ya simu za waya tangu zile za kuzungusha kwa mkono, na baada ya kustaafu akashindwa kukaa bure. Nilimwendea kwa bajaji. Alinikaribisha sebuleni kwenye dari refu na feni inayolalamika, akanimiminia kahawa, akanisikiliza mpaka nikamaliza kulaani.

"Mwalimu," akasema, "umekaa miaka sita kwenye nyumba ya mtu usiyemjua, hamkuandikiana chochote, leo amekutoa. Unalia nini?"

"Silii. Nimekasirika."

"Haya. Ukimaliza kukasirika nikuonyeshe kitu."

Akanipeleka jikoni. Kando ya friji palikuwa na kikompyuta kidogo kama kopo la biskuti, na betri yake pembeni kwa ajili ya umeme kukatika. Akasema ile ni nyumba. Ndani yake kuna mtandao wa kijamii mzima: watu wanaandika, wanajibizana, wanatumiana picha na sauti. Nikamwuliza watu wangapi. Akasema kumi na wanne, na wawili kati yao ni yeye mwenyewe.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza Ngamiani kuna misikiti mingapi. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, akanikatiza. "Kila mmoja una imamu wake, kamati yake na funguo zake. Ukisali wa mtaa wa pili wanakuuliza kadi? Mmoja ukifungwa kwa kupakwa rangi, watu wa hapo wanaacha kusali? Basi mtandao huu ndivyo ulivyo. Hii yangu ni nyumba moja. Zipo maelfu duniani, kila moja na wenyewe na sharti zake, na zote zinasikilizana. Mtu wa hapa anamsoma wa kule. Asiyetupenda atatufungia mlango wake tu, wa kwetu hawezi kuufunga. Na wewe ukinichoka mimi, unahama na watu wako kwenda nyumba nyingine."

Nimesikia maelezo mengi ya kitaalamu tangu siku ile, na sijapata bora kuliko hayo. Nilirudi nyumbani nimekwisha kuamua. Nilidhani kazi kubwa imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kuelewa kwangu mimi hakukumhamisha mtu yeyote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufundisha. Niliwaita akina mama wa chama chetu cha kuzikana, nikatundika ubao mweusi ukumbini, nikachora nyumba na mishale kwa chaki za rangi tatu. Nikaeleza hatari ya mtu mmoja kumiliki mazungumzo ya dunia nzima. Nilikuwa na hoja nzito na sauti ya darasani. Nilipogeuka kutoka ubaoni, watatu walikuwa wamesinzia na mmoja alikuwa akichagua mchele. Aliyekuwa macho akaniuliza swali moja tu, na nililisikia tena na tena kwa miezi miwili iliyofuata.

"Huko kwenyewe kuna nani?"

Hakuna mtu, ndilo lililokuwa jibu la kweli. Kuna fundi na kahawa yake. Watu hawaingii mahali kwa sababu mahali pale pana haki, wanaingia kwa sababu watu wao wamo. Na watu wao hawaingii kwa sababu wao hawamo. Nilizunguka na simu yangu mtaa kwa mtaa kama mtu anayeuza dawa ya mende. Waliosoma kwangu walijiunga papo hapo, kwa woga, watu wazima wenye mvi zao, kisha hawakuonekana tena. Mmoja nilikutana naye sokoni akajificha nyuma ya mafungu ya nazi. Nikaanza kukata tamaa, na mama kila jioni ananiuliza kama nimempigia dada yake.

Aliyenitoa pale ni mama huyo huyo, wala hakukusudia. Asubuhi moja alikuja mtu mlangoni kutafuta mwosha. Mama alikuwa na miguu imevimba, hawezi kusimama. Tukaanza kupiga simu: huyu kasafiri, huyu ana mgonjwa, huyu simu imezimwa. Tulihangaika saa nzima na maiti amelala anangoja. Alipopatikana mmoja, mama akasema kwa uchungu kwamba waosha wa mji huu wako zaidi ya thelathini na hakuna ajuaye nani yupo siku gani.

Nikaona nilichokuwa nimekosa kukiona. Sikuitisha mkutano tena. Nilikwenda kwa mwosha mmoja mmoja, nikakaa naye mkekani, na badala ya kumweleza nyumba na mishale nikamwomba jambo moja: kila asubuhi aandike kwenye nyumba ya fundi kama leo yupo au hayupo, na yuko mtaa gani. Hilo tu. Nikamwambia kwamba sharti za nyumba tutazitunga wenyewe, na kwamba wao ndio watakaosema. Walizitunga. Picha ya maiti haiwekwi kamwe. Msiba hautangazwi mpaka wafiwa wenyewe waseme, kwa sababu tumechoka na uvumi unaoua watu walio hai. Tangazo la msiba halikai chini ya tangazo la vitenge. Ule mtandao mkubwa haukuwahi kutuuliza mambo haya, na nadhani haukujua kwamba yanaulizika.

Waosha walipoingia, wakaingia wanaowahitaji waosha, yaani kila mtu. Wakaingia washona sanda, wachimba makaburi, maimamu wawili, kisha yule wa nyuma ya nazi akarudi mwenyewe. Kitu kingine kilichowapendeza watu ni kwamba maneno yanakuja kwa zamu yake. La saa nne liko juu ya la saa tatu. Hakuna mashine inayokuchagulia, ikakuzamishia msiba wa jirani chini ya watu wanaocheza ngoma ili usibanduke. Kikundi cha walimu wa Wete, huko Pemba, kilipopata habari zetu, fundi aliwaelekeza wakajenga nyumba yao wenyewe, nasi na wao tukawa tunasomana. Sikatai kwamba tulipata matatizo. Siku moja sisimizi waliingia kwenye kile kikompyuta kwa ajili ya joto lake, tukakaa siku mbili gizani, fundi akiwapuliza mmoja mmoja. Na ugomvi tulikuwa nao, ila ulikuwa ugomvi wa watu wanaojuana, na ulipatanishwa barazani.

Mtu mmoja tu alinishinda: mama. Simu yake ni kitochi, ya kupiga na kupokea tu, na hataki nyingine. "Hayo yenu ni ya kuchezea," alikuwa akisema. "Mie n'na dada mmoja, na huyo dada hayumo humo." Na kweli hakuwamo. Mama mkubwa anaishi peke yake kijijini, upande wa Konde, mwanawe yuko Muscat, na simu yake ni kitochi kama cha mdogo wake.

Kisha zikapita siku tano simu ile haipatikani. Mara ya kwanza hatukujali, kule chaji ni ya kutafuta. Siku ya tatu mama aliacha kula chakula cha mchana. Siku ya tano, Jumatatu, nilikuta ameshatoa buibui lake jipya kabatini na kulikunja juu ya kiti, bila kuniambia analitakia nini.

Alasiri ya siku hiyo nilikuwa jikoni nakuna nazi, simu yangu iko chaji chumbani. Nasisitiza hili kwa sababu ni la kuchekesha: mimi, mhubiri wa mtandao, ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua. Nilisikia hodi mlangoni, kisha nyingine kabla sijaitikia. Waosha wawili wameingia mbio, mmoja kavaa kandambili za mumewe, na nyuma yao jirani wa nyumba ya tatu. Mmoja akanipa simu yake nisome.

Alikuwa ameandika mama mmoja wa Konde kwenye nyumba ya Wete: "Kuna bibi jirani yangu anaumwa sana, homa na kifua. Tumempeleka hospitali, wametupa dawa, tumerudi naye nyumbani. Simu yake imetumbukia kwenye ndoo ya maji, namba zote zimekwenda. Anamtaja mdogo wake aliyeolewa Tanga, Ngamiani, kazi yake kuosha maiti. Jina hatulipati vizuri, anakohoa. Atakayemjua amfikishie." Chini yake wanawake tisa wa mtaa wetu walikuwa wameshajibu, tunamjua, tunakwenda kumwambia sasa hivi.

Nilimsomea mama. Aliniomba nirudie pale penye homa na kifua. Kisha akauliza, "Boti lini?"

Boti ya Pemba siku hizo ilikuwa ikiondoka mara moja kwa wiki, kesho yake, Jumanne. Ndege ndogo ipo, lakini mama hapandi kitu anachokiona kinatikisika kikiwa bado chini. Nawaza mara nyingi kama habari ile ingechelewa siku moja. Tungeikosa boti, tungekaa wiki nzima tukimtazama akikunja na kukunjua lile buibui. Siku moja tu ndiyo iliyokuwa baina yetu na jambo hilo.

Tulisafiri.  Katika mkoba wake, nilipomtafutia maji, niliona amepakia vifaa vyake vya kazi, pamba, kafuri na udi, vimefungwa kwa kitambaa safi.  Niliufunga mkoba nikampa maji.

Yule jirani alitupokea njia panda, mwanamke mnene mcheshi ambaye sikuwa nimepata kumwona, na tukakumbatiana kama tuliozaliwa tumbo moja. "Yupo," akasema kwanza kabla ya salamu, na kwa neno hilo moja nitamwombea dua mpaka nife. Dawa zilikuwa zimeanza kumwingia. Jana kanywa uji.

Mama mkubwa alikuwa amelala kitanda cha kamba, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho makali vile vile. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kukwaruza, lakini alikuwa akimtazama mdogo wake na ule mkoba.

"Waja kun'osha?" akamwuliza.

Mama akasimama pale pale mlangoni. Nadhani alitaka kukana akashindwa. "N'nakuja kukutazama," akasema.

"Wanidanganya. Nanusa kafuri tangu uko uwanjani." Akakohoa, akatulia. "Basi n'oshe. Siku saba sijagusa maji ya maana, huyu jirani ananipangusa kama meza. N'oshe saa hii nikiwa nasikia raha yake. Tena nikuone, nikwambie unapokosea."

Nilichemsha maji mimi. Jirani alileta beseni na sabuni mpya. Tulimketisha kwenye kiti kifupi, tukamsitiri kwa kanga, na mama akakunja mikono ya gauni lake na kuanza upande wa kulia, pole pole, kama alivyofundishwa na huyo anayemwosha.   Mama mkubwa alifumba macho, maji yakimshuka mabegani, akawa anaguna kwa starehe.

Nilisimama na ndoo tupu mkononi nikaanza kulia, nami si mtu wa kulia. Nilikuwa nimebeba miezi kadhaa ya woga bila kujua uzito wake, na sasa ulikuwa umetuliwa chini. Nilimshukuru Mungu. Nikamshukuru fundi na kopo lake la biskuti, na wanawake tisa waliojibu, na yule aliyekimbia na kandambili zisizo zake.

"Nyuma ya sikio," mama mkubwa akasema, macho bado kayafumba. "Hapo huwa wapasahau tangu u msichana."

Mama akarudia nyuma ya sikio.